Mkaguzi Aliyengoja Kupewa Mwiko

Neno lake kubwa lilikuwa "kisha". Mie namwambia, "Leo tumegawa uji, Mzee," naye ananitazama kwa upole, kama mtu anayengoja maji yachemke, anasema, "Kisha?" Watoto wamekunywa. "Kisha?" Wameshiba. "Kisha?" Hapo ndipo nilipokuwa nakwama, maana mtoto akishashiba sikujua kinafuata nini zaidi ya usingizi. Siku moja nikamjibu, "Kisha wamekwenda kwao, na mie nimesugua sufuria." Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini swali hakulifuta.

Niseme kwanza mie ni nani, ili anayesoma ajue pa kunipunguza. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nusu kwa sababu ya surua. Watu wa Tandika waliniita Mwalimu kwa kuwa nilishika chaki. Ukweli ni kwamba nilikuwa msimamizi wa kituo cha uji, kilichowekwa mtaani kwetu na Jumuiya moja ya kina mama wenye ofisi Msasani. Jumuiya ya hisani, si ya siasa, ingawa miaka ile kila kikao kilianza kwa kulaani ubepari, hata kikao cha kununua sufuria. Kazi yetu ilikuwa kuwanywesha uji wa maziwa watoto waliodhoofu. Kila mwezi tuliwapima kwenye mizani ya kuning'iniza. Mtoto akivuka mstari uliochorwa kwenye kadi yake, tulisema amefuzu. Anatoka, anaingia mwingine. Jumuiya ikamwajiri mtu azungukie vituo vyake aseme kama vinasaidia au havisaidii, na huyo ndiye Mkaguzi. Jina lake nalijua. Naliacha, maana hata yeye hakupenda lisomwe mikutanoni.

Wala siwezi kumkumbuka bila kumkumbuka Siwema. Siwema alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, zamu ya asubuhi, na alikuwa na mtoto mmoja, Hamisi, aliyekuwa akipanda kwenye ile mizani polepole kama konokono. Mama mzazi wa Siwema yuko Lindi. Mumewe alikwenda Mtwara kutazama mazishi akayatazama moja kwa moja. Hamisi akivuka mstari, hana benchi la kukaa kwetu. Na akikosa benchi, Siwema hana pa kumwacha, na asipokuwa na pa kumwacha hana kiwanda. Siku zile mtu asiye na kazi mjini alisimamishwa njiani akaulizwa anaishi kwa kazi gani, na jibu lisiporidhisha alionyeshwa lori la kwenda kijijini kulima. Kwa hiyo neno la Mkaguzi kuhusu kituo chetu, kwa Siwema, halikuwa neno la ofisini.

Mara ya kwanza alipokuja tulimpokea kama alivyostahili mgeni, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Nasema letu, lakini kwa haki, sijui kama ni kosa. Kwetu mgeni haonyeshwi chungu kilichoungua. Tuliazima vikombe nyumba ya jirani. Benchi zilipwaya, tukaazima na watoto wa madrasa, wenye afya zao, wakaambiwa wakae kimya wanywe. Balozi wa nyumba kumi akasoma hotuba. Kina mama wakaimba. Bi Kidawa, mpishi wetu, mwanamke wa pwani asiyekubali jiko lake lisemwe, akapika pilau ambalo mtoto dhaifu hata mmoja hakulionja.

Mkaguzi alikula vizuri, akaomba ukoko, akanawa. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nimeshukuru sana. Sasa kituo kiko wapi?"

"Si hiki, Mzee?"

"Hii ni karamu. Nitarudi kesho."

Kesho yake alirudi. Tulisimama tena, tukampa kiti, lakini hotuba haikuwapo, na pilau limekwisha. Siku ya tatu akaja tena, na kwa kweli tulikuwa tumechoka naye. Hakuna aliyesimama. Kiti kilikuwa na kapu la mkaa. Alisimama jikoni, mikono nyuma, akimzibia Bi Kidawa njia, mpaka Bi Kidawa akamwambia, "Baba, kama huna kazi, shika mwiko, uji unashika chini."

Akavua saa, akashika mwiko. Baadaye nilijua kwamba siku zote alikuwa akingoja hilo. Wazee walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kwetu mjini shamba hakuna, kuna sufuria. Yeye aliuchukua msemo ule akaufanya utaratibu wa kazi: kituoni haandiki kitu mpaka wenyewe wamtume. Msasani wakimpigia simu ofisi ya kata kuuliza ripoti iko wapi, aliwajibu, "Bado hawajanipa kazi." Kule walidhani anadai kibarua cha ziada.

Mtu akishika mwiko, watu humsahau. Kina mama walimwaga maneno juu ya kichwa chake kama hayupo, nani kamwacha nani, nani kamfungia mtoto ndani na ufunguo kautia sidiriani. Yeye anakoroga tu. Kwa uji wenyewe, nisimpambe: aliuharibu. Bi Kidawa aliuonja akasema, "Huyu amekuja kukagua nini, madonge?"

Alipanda baiskeli, suruali kaibana kwa kibanio cha nguo isije ikaliwa na mnyororo. Jumuiya ilikuwa na Landrova na ilimbembeleza aitumie, kwani jina la Jumuiya lilichorwa mlangoni na walipenda lionekane. Alikataa. "Ukienda na gari," aliniambia, "ukweli unahama mtaa kabla hujazima injini." Maneno mazuri. Lakini kwa haki yote niongeze kwamba kutoka kwake Sinza mpaka Tandika kwa baiskeli alifika ametota jasho na amechelewa, na mara mbili tatu vitu alivyotaka kuviona vilikuwa vimekwisha onekana na kuondoka. Hakuliandika hilo kwenye ripoti. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nitaliandika," na sijui kama aliliandika.

Alikuwa na mambo kama hayo. Daktari alimkataza sukari, naye aliwaeleza kina mama ubaya wa sukari huku anakoroga chai yake, akikoroga muda mrefu kidogo kuliko sukari ya mtu aliyekatazwa inavyohitaji. Hakusifu kitu usoni pa mwenyewe, alisema sifa huwafanya watu warudie walichosifiwa, hata kama hakikufaa. Lakini nilimsikia nyuma ya ukuta akimsifu Bi Kidawa kwa balozi, kwa dakika nyingi, kuhusu usafi wa mtungi. Alichukia neno "mafanikio". Alilipenda neno "mpaka hapo".

Siku moja nilitumwa nyumbani kwake kupeleka mfuko aliousahau. Mvua ilikuwa inanyesha. Sebuleni paliwekwa beseni katikati, bati linavuja ndani yake, tii, tii. Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya kupendeza, aliniona nikilitazama.

"Lile tobo unalionaje, mwanangu?"

"Nimeliona, mama."

"Huyu bwana analijua tangu tulipohamia. Analijua linavyovuja masika, analijua linavyovuja vuli, anajua limeongezeka upande gani. Ukitaka habari za lile tobo, muulize yeye. La kuziba, muulize mwingine."

Mkaguzi alikuwa chumba cha pili anasikia. Akasema, "Fundi hajapatikana."

"Fundi anakaa hapo nyuma," mkewe akasema. "Tunasikia anavyogonga."

Nimeifikiria sana ile nyumba. Sitaki kuigeuza fumbo, maana watu wengi mabati yao yanavuja. Ila nilirudi Tandika nikiwa na wasiwasi ambao sikuwa nao nilipotoka.

Sasa nieleze habari ya mizani. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyependekeza zamani, akiwa Msasani, tupime, ili ijulikane uji unafanya nini. Tulipopima ndipo kila mtu alipojifunza uzito una faida gani. Mama aliyetaka mtoto wake abaki alimleta siku ya mizani hajala tangu jana yake mchana. Bi Kidawa naye, aliyeona foleni ya watoto dhaifu kweli mlangoni, alitaka hawa wa zamani watoke. Basi kabla ya kupima alikuwa akiwakamata mmoja mmoja, anawajaza uji na maji juu yake mpaka matumbo yanalia kama vibuyu. Mama analeta mtoto tumbo tupu, Bi Kidawa anamjaza, mie nasoma mshale. Mkaguzi alisimama pale siku nzima akitazama. Jioni akasema, "Mwalimu, hii mizani inapima ugomvi wa watu wazima."

"Nisipime?"

"Pima. Ila tujue tunapima nini."

Ndipo siku ya pili yake, yuko na mwiko, Siwema akaingia mbio kumwacha Hamisi. Bi Kidawa akamchokoza, "Huyu wako kanona, Siwema. Mwezi ujao anafuzu, tutampigia vigelegele."

Siwema akasema, "Mpigie mwanao. Wangu akifuzu mie ndiyo nafeli."

"Kwani uji wetu mtamu kiasi hicho?"

"Uji gani, Bi Kidawa? Uji hata mie napika, tena hauna madonge. Mie nakuja kuacha mtoto. Mkimpa uji, mkimpa maji ya bomba, mkimkalisha tu, sawasawa. Nataka asubuhi. Nipeni asubuhi, uji kaeni nao." Kina mama wengine wakacheka kile kicheko cha mtu aliyesemewa lake.

Mwiko ulisimama. Siwema akageuka, akaona ni nani aliyeushika, akaweka mkono mdomoni. Alipotoka nje aliniita. "Mwalimu, nimeropoka?"

Nilimwambia hapana. Nilikuwa simjui Mkaguzi vya kutosha kusema hapana, lakini nilisema.

Kabla hajaenda Msasani kutoa taarifa nilimwomba. Nilimfuata mpaka kwenye baiskeli. "Mzee, si useme tu kituo kinasaidia?"

"Kinasaidia kwa lipi?"

"Kinasaidia."

"Nikisema hivyo tu, mwakani watawaletea uji mwingi zaidi na mizani kubwa zaidi. Na Hamisi atafuzu tu. Nikisema kilivyo, wakiondoa mstari na kuwaacha watoto mpaka saa nane, huyu mama amepona. Na vituo vingine vyote vimepona."

"Na wasipoondoa?"

Alibana suruali yake kwa kile kibanio. "Kazi yangu ni kusema kilivyo," akasema. Nilimwona ni mtu mnyofu. Nilimwona pia ni mtu mwenye pa kwenda kesho asubuhi. Yote mawili niliyaona kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui lipi lilikuwa mbele.

Mie nilialikwa kwenye kikao kile, nikakaa ukutani. Barazani palikuwa na upepo mzuri na chai ya maziwa. Mama Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akijitolea, alitoa vyerehani vyake mwenyewe kwa kituo cha Mwananyamala, na alinikumbuka jina, jambo ambalo wakubwa wengi hawawezi. Alisema, "Haya, Ndugu Mkaguzi. Tandika wamefuzu wengi?"

"Wengi, Mama. Na wengi wamerudi wamedhoofu tena."

Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa kituo, bila kumtaja mama yeyote wala kumchekesha mtu kwa habari ya matumbo. Mwisho akasema, "Kwa lishe, kituo cha Tandika hakifanyi kazi tuliyokiwekea. Kwa kulea watoto ili mama zao wafanye kazi, kinafanya vizuri kuliko vyote. Napendekeza tukigeuze kiwe hicho."

Mweka hazina akasema wafadhili wa nje wametoa maziwa kwa lishe, hawakutoa kwa kulea. Mama mwingine akauliza kama kulea si jukumu la mama mwenyewe. Mama Mwenyekiti akatafakari kwa haki kabisa, nilimwona, akasema, "Kama Tandika hakifanyi kazi, basi maziwa yaende panapofanya kazi. Watoto wa Mbagala wanangoja." Lile la pili la Mkaguzi lilibaki mezani na visahani. Alijaribu kulirudia. Walimshukuru kwa ukweli wake. Walimpigia na makofi.

Landrova aliyoikataa ilikuja Tandika kuchukua makopo ya maziwa, sufuria mbili na mizani. Banda liliachwa kwa kuwa tulilijenga wenyewe kwa kujitolea, halikuwa la kubebeka. Bi Kidawa alikaa kizingitini akiutazama mguu wake. Siwema alikosa zamu, akakosa ya pili, akamfungia Hamisi ndani siku moja, akarudi akakuta kalia mpaka sauti imekauka, na hakumfungia tena. Msimamizi wa kiwanda alimwandikia mtu mwingine nafasi yake.

Mkaguzi alikuja juma lile lile. Wengine wangekaa mbali, na hilo nampa. Hakuna aliyemwamkia isipokuwa watoto. Alimkuta Siwema kwake anakuna nazi.

"Nilisema ulichoniambia," akamwambia.

"Ndiyo, Baba. Ulikisema chote."

"Hawakusikia nusu ya pili."

"Mie ile ya pili ndiyo iliyokuwa yangu," Siwema akasema, akaendelea kukuna. Mkaguzi akasukuma baiskeli yake kwa miguu mpaka barabara kubwa, asiipande.

Kilichofuata mtu akitaka atakiita ujamaa, lakini sie hatukukiita chochote. Siwema hakuwa na kazi, na banda lilikuwa tupu. Alianza kumkalisha Hamisi pale, na watoto wa wenzake wawili waliokuwa bado kiwandani, nao wakimletea unga jioni. Wakaongezeka. Halafu wakapanga zamu, kila mama asubuhi yake, asiye na nafasi alete kuni. Balozi akatuandikisha kama kikundi ili asiulize mtu Siwema anaishi kwa kazi gani. Sisemi ilikuwa bora kuliko kiwanda. Kiwandani alikuwa na kadi ya hospitali na sikukuu za kulipwa. Hapa alikuwa na makamasi ya mtaa mzima. Nilimuuliza mara moja kama anajuta kuropoka siku ile. Alisema, "Usiniulize kama yule mzee wako."

Huko Msasani, miaka ilipopita kidogo, vituo vingine vya Jumuiya vilianza kuwaacha watoto mpaka mchana, na mstari kwenye kadi ukafutwa. Mama Mwenyekiti alieleza redioni jinsi wazo hilo lilivyomjia akiwa safarini. Nilikutana na Mkaguzi stendi ya Mwenge wakati ule, nikamwambia kwa hasira niliyomwazimia. Yeye alifurahi kama aliyepokea barua. "Wazo likipata mwenyewe mkubwa, linaishi," akasema. Tandika hakukutaja, na mie sikumtajia.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni ikipatikana mtu anaitwa kutoka msikitini. Alikuja bandani asubuhi kwa miguu, mikono imepungua nyama, kamshika mtoto wa kike mkononi. Walikuwa wamehamia Temeke kwa binti yao. Siwema alikuwa mlangoni anapokea watoto, mie nasuka mkeka ndani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mnapokea?"

"Tumejaa."

"Sawa," akasema. Hakubisha. Akamgeuza mtoto.

Siwema akamwacha apige hatua. Halafu akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Hospitali. Ni muuguzi, zamu haziishi, wamepungua."

"Na wewe?"

"Bibi yake amelala, mwili umemkatalia upande. Mie ndiye namgeuza, ndiye nakaa foleni. Huyu nikimwacha ndani naye anamwaga dawa. Jana nimemkuta barabarani."

Mie niliacha kusuka. Nilijua angeweza kusema hapana, na mtaa mzima ungemwelewa. Mdomo wa huyu mzee ndio uliomtoa Hamisi kwenye benchi. Pia nilijua mdomo huu ndio pekee ulioomba abaki, na sikuona ni kazi yangu kumkumbusha mojawapo.

"Hapa kila mama ana asubuhi yake ya kulea," akasema mwishowe. "Binti yako hana nafasi ya kuja zamu."

"Hana."

"Kwa hiyo utakuja wewe. Ijumaa. Bibi yake tutampelekea mtu wa kukaa naye."

"Nitakuja."

"Mwanaume hatujawahi kumpa zamu."

"Basi mtanikagua," akasema, na kwa mara ya kwanza Siwema alicheka mbele yake.

Akamshika mtoto mkono. Mtoto aliingia moja kwa moja kwa wenzake, hakugeuka. Mkaguzi alibaki mlangoni, nami nikangoja. Namjua. Nilingoja aulize maji yanachemshwa na nani, mtoto akiugua anapelekwa wapi, na tumejuaje kwamba hii inasaidia. Nilikuwa na majibu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nayo yote.

Hakuuliza. Alimwambia Siwema, "Akilala usimfunike kichwa, hapendi," akaondoka haraka kadiri miguu ilivyomruhusu, maana mkewe alikuwa peke yake.